Kevo, kuhusu hizo foglaiti zako

Kevo ndugu yangu,

Niaje buda, mama watoto na vijana wako poa? Nimeona meseji yako unauliza kuhusu kubadilisha foglaiti za Fielder, zile taa za ukungu, nikaona nikuandikie vizuri, juu mambo ya taa mimi huwa sichukulii rahisi, haswa kwa mtu anapitia Limuru kila wikendi.

Huyo jamaa wa spea anakuambia uweke tu balbu kali ya LED ndani ya taa ileile ya zamani, mkatalie. Riflekta ya hiyo taa, kile kioo cha ndani cha kurudisha mwanga, ilipimwa ikae na ule waya mdogo wa halojeni, sasa ukiweka balbu ingine mwanga unatawanyika kila mahali, na Julai au Agosti asubuhi ukungu ukiwa umelala kuanzia Limuru mpaka Kinungi, ule mwanga wa juu unagonga matone unakurudia kwa macho unabaki kuona ni kama umesimamishwa mbele ya shuka nyeupe. Na dereva wa lori anayekuja upande ule mwingine haoni chochote, huyo pia ni mtu wa kufika nyumbani.

Projekta, ile taa iko na lenzi mbele, ni tofauti. Mbele ya balbu kuna kakibati kamekatwa kakanyooka, halafu lenzi inageuza picha juu chini, kwa hivyo kivuli cha kale kakibati ka chini kinatokea juu. Hapo ndio unapata ule mstari, chini mwanga, juu giza. Huo mstari ndio unalipia Kevo, si ukali.

Kwa hivyo ukienda Kirinyaga Road waambie unataka projekta ya foglaiti kabisa, ile mstari wake umelala flati. Za hedilaiti mstari wake uko na ngazi inapanda upande mmoja, na zile za nchi wanaendesha kulia kama Ujerumani au Marekani hiyo ngazi inapandia kulia, yaani huku kwetu ni macho ya wanaokuja moja kwa moja. Waambie wawashe ukiwa hapo, uone kwa ukuta.

Kufunga si ngumu, unatoa ile plastiki ya ndani ya gurudumu, mkono unaingia. Waya ndio usiharakishe. Balbu mbili za wati 55 ni karibu ampea 9, usizipitishe kwa swichi, weka relei, ile swichi ndogo ya umeme iko na pini zenye namba: 30 itoke betri ikiwa na fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, 87 iende kwa taa, 85 na 86 ni za swichi na ardhi, yaani bodi ya gari. Na kale katundu ka kupumulia nyuma ya taa usikazibe na silikoni, jasho litajaa ndani.

Ukimaliza usitoke barabarani kabla ya kulenga. Simamisha gari flati, mita 7.5 kutoka ukutani, mstari uwe sentimita 10 chini ya urefu wa taa yenyewe. Ukungu ukiisha zima, tafadhali.

Jumamosi niko nyumbani, ile parking yetu iko na ukuta mrefu na sakafu iko sawa. Relei na fyuzi ninazo, wewe beba spana ya 10 na ufike mapema tufunge mchana, giza likiingia tunalenga. Salimia mama sana.

Wako,
Mwas