Oolong sio chai ya kuringishia

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Nasikia sana watu wakisema oolong ya China, ile chai iliyo katikati ya chai ya kijani na nyeusi, ni ya kuringishia tu, chai ni chai, mbona yetu ya huku Rungwe inauzwa bei ya kawaida. Jamani kazi yake sio moja.

Nyingi ya hapa kwetu inaingia kiwandani, mashine inaikatakata inageuka nyeusi inatoka chengachenga. Sasa kule Anxi, mkoa wa Fujian huko China, wanakotengeneza oolong iitwayo Tieguanyin, jani linachumwa likiwa limeshakomaa kidogo, linanyaushwa juani, halafu usiku linazungushwa kwenye pipa la mianzi, linapumzishwa, linazungushwa tena, mpaka kingo zichubuke ziwe nyekundu huku katikati bado kijani. Hapo anayeamua ni pua ya fundi, akizidisha ladha inaelekea kwenye chai nyeusi, akiwahi inabaki na ukakasi wa majani mabichi, kwahiyo akishasikia harufu ya maua ndo anaiwahisha kwenye moto mkali isiendelee kugeuka, kisha inafungwa kwenye kitambaa na kufinyangwa mara kibao mpaka kila jani linakuwa kama punje. Na wenzao wa milima ya Wuyi wanaikausha polepole kwa makaa. Pale Wuyi kuna miti mama 6, yaani miti ya asili, ya oolong iitwayo Da Hong Pao, ilichumwa mara ya mwisho 2005, na gramu 20 zake zikapelekwa makumbusho ya taifa Beijing 2007. Wanaiheshimu kweli!

Halafu watu wanapiga hesabu ya kilo wanasahau hesabu ya vikombe. Gramu 7 hivi kwenye kibakuli kidogo cha mililita 100, maji yaliyochemka, sekunde chache unamimina, unarudia majani yaleyale mara 6 au zaidi na kwangu mimi mmimino wa tatu ndo mtamu kuliko yote. Ila usiweke maziwa wala sukari tafadhali, utakuwa umeua ile harufu uliyoilipia.

Ombi langu ni kwa wanaoiagiza na kutuuzia, pakiti ya dhahabu imeandikwa oolong tu haitusaidii kitu. Andikeni imetoka Anxi au Wuyi au wapi, imechumwa masika ya kule au vuli, mwaka gani, na kama imepuliziwa manukato semeni, mnunuzi ajue analipia nini.

Mnywaji wa chai,
Tukuyu