Mwenye reli anakula wapi?

Moshi,
Jumapili jioni

Mpendwa Baba Glory,

Salamu nyingi kutoka huku. Ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na Mzee barazani. Hivi ukirekodi huwa unapumua saa ngapi? Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana wewe kwa mdomo humpi mtu nafasi ya kumaliza.

Tuko salama. Mlima umejifunika siku ya nne leo, dukani saruji inatoka kidogokidogo, na Mama Ima anasema zile zabibu za Dodoma ulizoahidi tangu Pasaka bado anaziombea safari njema.

Sasa hoja yako. Unasema TAZARA, reli ya kwenda Zambia, imeshakwenda kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa miaka 30, kwamba kesho tutaamka tukute SGR, reli yetu mpya ya umeme, nayo ina mwenyewe wa mbali, na kwamba dawa ni moja tu: reli ikibinafsishwa, wapewe wazawa. Hofu yako ninayo na mimi. Hiyo dawa ndiyo inanikwama kooni.

Mzee alikusikiliza mpaka mwisho, akachokoa meno, akauliza: "Na nyasi atafyeka nani?" Basi, akarudi kwenye redio yake. Nilicheka, lakini usiku lile swali lilinirudia. Unakumbuka alikuwa kwenye genge la wafanyakazi wa njia ya reli pale Kahe miaka ile. Kazi yao ilikuwa kukaza misumari, kujazia kokoto, kubadilisha mataruma yaliyochoka, na kufyeka. Kwake mwenye reli ni yule anayehakikisha genge lina koleo na mshahara. Mambo ya hisa hayajawahi kumwingia akilini.

Na ukitazama historia yenyewe, njia yetu hii ya kaskazini haikuanza na mwenyewe wa hapa. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi 1911. Waingereza wakaisukuma hadi Arusha 1929. Mababu zetu nao walichangia mabega.

Turudi TRL, ile kampuni iliyopewa kuendesha treni zetu, kwa sababu wewe umeitumia kama ushahidi dhidi ya wageni na mimi nadhani umeusoma nusu. Oktoba 2007 tuliikodisha reli kwa miaka 25: RITES ya India asilimia 51, serikali yetu asilimia 49. Wakati ule sote tuliimba "sekta binafsi, sekta binafsi". Unajua RITES ilikuwa ya nani? Ya serikali ya India, chini ya wizara yao ya reli, tangu ilipoanzishwa 1974. Yaani tulisema serikali haiwezi biashara, tukamnyang'anya usukani serikali wetu, tukampa serikali wa watu wengine! Hata Waingereza yamewakuta. Walibinafsisha reli zao miaka ya 1990, na baadaye baadhi ya treni zao zikawa zinaendeshwa na kampuni za mashirika ya reli ya serikali za Ujerumani na Uholanzi. Kwa hiyo unaposema "mgeni binafsi", kwanza tumvue kofia tumwone ni nani.

Lakini tatizo la TRL, kwa maoni yangu, halikuwa Uhindi wa mtu. Sikia hii. Kampuni ilihitaji vichwa vya treni na mabehewa. Vikaja vya kukodi kutoka India, na mkodishaji ni RITES huyohuyo. Mimi muuza duka hilo naliona haraka kuliko wewe mwalimu. Ni kama tufungue duka pamoja, halafu fremu iwe yako, mzani wako, na guta la kusambazia mzigo lako, vyote kwa kodi ya kila mwezi. Duka likiuza, unakula mara mbili. Duka lisipouza, hisa itakuuma kidogo, ila kodi yako inaandikwa vilevile kwenye daftari. Siku duka linafungwa mimi nabaki na madeni, wewe unakuja na guta lako kuchukua mzani.

Wafanyakazi waligoma 2008, serikali ikaingiza mkono mfukoni kusaidia mishahara ya kampuni ambayo tuliambiwa itatupunguzia mzigo. Nisimwonee mtu: njia waliyokabidhiwa ilikuwa hoi, na mwisho wa 2009 mafuriko yakazoa reli kati ya Kilosa na Gulwe. Hapo hata angepewa malaika angeomba likizo. Kufika 2011 serikali ilikuwa imezichukua hisa na mchezo ukaisha, miaka 25 ikiwa haijafika hata mitano.

Na nyasi? Kwenye mpango ule njia na majengo vilikuwa mali ya RAHCO, kampuni ya serikali, na treni zikaendeshwa na TRL. Weka watu wawili kwenye shamba moja, mmoja mwenye ardhi na mwingine mwenye kupanda, halafu uliza palizi ni ya nani. Kila mmoja ana wa kumnyooshea kidole. Ilibidi sheria ya 2017 iwaunganishe tena kuwa shirika moja la reli la serikali, TRC. Mzee alipata jibu lake baada ya miaka kumi.

Sisi wa kaskazini, wakati wote huo, wala hatukuwa kwenye hesabu. Abiria wa Moshi walikuwa wameshaisahau treni tangu miaka ya 1990, ikiwa bado mikononi mwa serikali, hilo usilirukie. Mwekezaji alipokuja hakuiamsha, na kwa nini aiamshe? Mzigo wa hela ulikuwa njia ya kati, wa kwenda Kigoma na Mwanza na nchi za jirani. Watoto wetu walikuwa wakitembea katikati ya reli kwenda shule bila kugeuka nyuma. Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020, ikiletwa na TRC. Ile Desemba ya kwanza, wewe unajua nauli za mabasi zinavyofanya Wachaga wakianza kupanda mlimani, watu walikuja stesheni wasio na safari, kutazama tu. Mzee alivaa koti. Hakusema neno, aliinama akatazama magurudumu.

Kwa hiyo utasema: haya, serikali basi, au wazawa. Wazawa gani, Baba Glory? Mimi na wewe hatuna hela ya kununua hata behewa la kuku. Wenye uwezo wa kuinunua reli katika nchi hii, wengi wao utawakuta kwenye malori na mabasi. Mpe reli mwenye malori mia mbili. Treni ikifa Jumatatu, Jumanne malori yake yanajaa. Atakuwa mzawa halisi, anaongea Kiswahili safi, pengine hata mnasali kanisa moja, na hatakuwa na sababu ya kuinuka usiku kwa ajili ya daraja lililobomoka Same. Jirani zetu Kenya na Uganda walikodisha reli yao 2006 kwa Rift Valley Railways, kampuni iliyoongozwa na Sheltam ya Afrika Kusini, na ndani mlikuwa na kampuni ya Kikenya, TransCentury, yenye hisa. Mzawa alikuwemo. Usukani ukahamia kwa Citadel ya Misri, TransCentury wakauza hisa zao, na 2017 mkataba ukavunjwa.

Sasa shuka barabara ya TPC, upite Pasua, uendelee mpaka miwa ianze. Hapo ndipo ninapokushindia hoja. Kiwanda kile cha sukari cha TPC kilianzishwa na Wadenishi, kikataifishwa, kikachoka. Mwaka 2000 kikauzwa: asilimia 75 kwa watu wa Mauritius, 25 zikabaki serikalini. Sukari ilikuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka, ikapanda mpaka kupita tani 100,000. Wageni hao. Hawajawa watakatifu, na ugomvi wa maji na mipaka ya mashamba tunausikia kama kawaida. Lakini mtu yule anakula kwenye sukari tu. Muwa ukinyauka, ananyauka naye. Hana trekta la kukikodishia kiwanda chake ili ale hata wakati wa ukame.

Hilo tu ndilo ninalotaka kujua kwa yeyote anayeitaka reli: anakula wapi? Anakula treni ikitembea, au anakula hata ikisimama?

Mpwa wangu aliyeko Montreal alinisimulia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Kanada walibinafsisha shirika lao la reli, CN, mwaka 1995. Hisa zikauzwa sokoni, na Wamarekani wakajibebea nyingi sana. Sheria haikuwazuia wageni hata kidogo. Ilichozuia ni mtu mmoja, awe wa ndani au wa nje, kushika zaidi ya asilimia 15. Na ikaandika kwamba makao makuu yatabaki Montreal. Yaani hawakumwogopa mgeni, walimwogopa bosi mmoja. Najua sisi hatuna mzigo wa ngano na mbao kama wao, na reli yao inavuka bara zima mpaka Marekani, kwa hiyo usinijibu kwamba nimeleta mfano wa matajiri. Nimeuleta kwa sababu walikaa chini kwanza wakaamua wanaogopa nini, ndipo wakauza. Sisi mnada huwa unatangulia.

Kwa TAZARA nina matumaini nusu. Wachina ndio walioijenga, kilomita 1,860, na shaba ya Zambia ni mzigo ambao wao wenyewe wanauhitaji ufike bandarini. Hapo tumbo lao na reli viko njia moja. Nusu nyingine ya matumaini naishikilia mpaka nijue vichwa vya treni vitakuwa mali ya nani, na genge la Makambako litalipwa na nani. Wewe uko karibu na Bunge, kazi yako kuuliza. Mimi huku napima misumari kwa kilo.

Nimeandika mengi, na taa imekatika mara mbili. Jambo la mwisho. Mzee anataka kusafiri kwa treni mpaka Dar Desemba hii, safari ya kwanza tangu astaafu. Nimemwambia basi linafika mapema zaidi, akasema hana haraka ya kufika, anataka dirisha upande wa Kahe aone kama pamefyekwa. Nitakwenda naye. Wewe teremka na SGR kutoka Dodoma, tukutane kwa dada yako Ilala, ulete na zabibu. Na tafadhali usije na rekodi, njoo na mdomo wenyewe.

Wasalimie Mama Glory na watoto.

Wako,
Baba Ima