Kwa vijana wetu mnaokwenda kushika mizani ya korosho

Wajukuu zangu,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nawaandikia ninyi vijana wa makanisa yetu ya Masasi, Ndanda, Nanyumbu na Newala mliopata kazi ya ukarani katika vyama vya msingi msimu huu. Nilisikia habari zenu Jumapili baada ya Misa, nikafurahi, halafu usiku usingizi ukanipaa. Mizani hiyo nimewahi kuishika. Najua mambo yanavyoanza.

Tunasema mara kwa mara kwamba nchi hii inahitaji maombi. Kweli inahitaji. Hata wimbo wetu wa taifa ni sala, tunamwomba Mungu abariki Afrika na viongozi wake. Lakini tukifika hapo kwenye viongozi, mawazo yetu yote hukimbilia Dodoma. Mama anayetoka Lukuledi na gunia lake hajawahi kuonana na waziri hata siku moja. Nchi anayoijua yeye ni mtendaji wa kijiji, muuguzi wa zahanati, na wewe karani uliyeinamia daftari. Ukimpunja kilo mbili, atarudi nyumbani akisema nchi imeharibika, na atakuwa amesema kweli, maana kwake imeharibikia mikononi mwako.

Niwaambie langu. Nikiwa kijana nilikuwa karani wa chama kimoja, jina lake nitaliacha. Mkubwa wangu aliniambia kila gunia nilikate kilo moja, eti ya unyaufu, kwa sababu korosho ikikaa ghalani hukauka na uzito hushuka. Kulikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na ule ukweli kidogo ndio ulionimaliza. Nilikata. Mwisho wa juma nilipewa bahasha. Jumapili nilisoma somo la kwanza mbele ya waumini wote, sauti haikutetemeka.

Kulikuwa na mizani mbili na foleni mbili. Mzee mmoja Mwislamu, jirani yetu wa siku nyingi, alileta magunia matatu aliyokuwa ameshayapima dukani mjini. Hakupiga kelele pale chamani. Alikuja nyumbani jioni, akaomba maji, akanywa, akakaa. Kisha akaniambia: "Karani, foleni yako ilikuwa ndefu, nikapanga hiyo hiyo. Nakuona kila Jumapili ukipita na kitabu chako." Hakuongeza neno. Akarudisha kikombe, akaenda zake.

Miaka mingi imepita na sijapata mahubiri mengine yaliyoniingia kama yale. Nililipa niliowakumbuka. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, mimi sikufikia hata mara mbili, na wengine walikuwa wameshakufa. Nilipokataa kukata tena, niliondolewa kwenye mizani nikapewa kazi ya kuhesabu magunia matupu. Nawaambia hili mapema ili lisiwashtue: anayekataa huwa anahamishwa. Mshahara haukupungua, ila bahasha ilikoma, na mke wangu alijua kabla sijamwambia.

Hapa kwetu Kusini jambo hili lina uzito wa peke yake. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alileta Masasi watu waliokombolewa kutoka utumwani, akitoka nao Unguja, na wao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza kujenga kijiji hapa. Hebu fikirini. Imani yetu katika ardhi hii ilianza na watu waliowahi kutiwa bei. Misafara ya watumwa ilipita bara hili kushuka Kilwa na Mikindani. Mjukuu wa imani ya watu wale anawezaje kusimama mbele ya binadamu mwenzake akamwibia kwa kipimo?

Na kuna la 1905, ambalo makanisani hatulisemi vya kutosha. Katika Vita vya Maji Maji misheni za Lukuledi na Nyangao ziliteketezwa, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaanza upya Ndanda. Watu walikuwa wamechoshwa na kodi na pamba ya kulazimishwa, na walipoamka hawakuona tofauti kubwa kati ya bendera ya Mjerumani na kengele ya misheni. Sihalalishi kumwaga damu. Ila najiuliza kila mara: mkulima akinikasirikia mimi niliyempunja, msalaba shingoni mwangu atauonaje?

Mnamtaja sana Rais Mkapa kwa kuwa ni mtoto wa Lupaso, wa huku huku kwetu. Utawala wake una mengi ambayo watu wanayapima hadi leo, na simtetei kwa yote. Lakini alipoingia Ikulu mwaka 1995 alitangaza mali zake hadharani. Mtu aonyeshe alicho nacho kabla hajashika vya wenzake, hilo hata karani analiweza. Sisi wa zama za TANU tuliahidi kwa midomo yetu kwamba cheo ni dhamana na rushwa ni adui wa haki. Wengi tuliahidi tu.

Msije mkadhani nawatuma mkafanye chama kiwe kanisa. Tumeoana na Waislamu, tunazikana nao, na karani mwenzako mwenye kofia huenda akawa mwaminifu kuliko wewe. Jifunze kwake. Yohana Mbatizaji watoza ushuru walipomfuata wakiuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wala wakahubiri. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Basi.

Kangomba, yaani ule ununuzi wa kinyemela wa korosho za wakulima nje ya chama, msiiguse, hata kwa jina la shangazi yenu. Mnajua jinsi inavyomkamata mwenye njaa kabla ya msimu: anauza kwa bakuli kinachozidi kilo, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mtoto anaumwa. Msimu wa 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki ulipita kuwatafuta wanunuzi wa kangomba, na wakulima safi wenye mashamba yao wakakaa wakisubiri malipo pamoja na wachafu. Nawakumbuka waliokosa ada za shule.

Asubuhi, kabla ya gunia la kwanza, iacheni mizani tupu isomeke sifuri mbele ya watu. Someni uzito kwa sauti kabla ya kuandika. Mwenye korosho aone kalamu inachoandika, na asiyejua kusoma aje na mtoto wake. Ukiona mawe au mchanga ndani ya gunia, mrudishie mwenyewe bila kumwaibisha, hata akiwa mjomba wako, hata akiwa katekista.

Nami nina mikorosho michache nyuma ya nyumba. Msimu ukifunguliwa nitaleta gunia langu na kupanga foleni. Msinipitishe mbele kwa sababu ya mvi. Nisomeeni uzito wangu kwa sauti ile ile mtakayomsomea aliye nyuma yangu.

Ni mimi babu yenu,
Ndanda, Masasi