Msituuzie hofu kwa namba ya CA-125

Mhariri,

Kuna tangazo linalozunguka katika makundi ya WhatsApp ya akina mama huku Eastlands. Linaalika wanawake waje Jumamosi wapimwe "saratani zote za kike" kwa damu kidogo tu, bei ya ofa, majibu yatumwe kwa simu. Nilipiga namba iliyoandikwa pale chini nikauliza ni kitu gani hasa kinachopimwa. Kijana aliyepokea akaniambia nisubiri, akaenda kuuliza, akarudi na jibu: CA-125, protini ya kwenye damu inayohusishwa na saratani ya ovari. Hicho tu.

Nimestaafu kutoka maabara ya tishu hapa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kupokea vipande vya nyama vilivyotolewa mwilini mwa wagonjwa, kuviandaa, kuvikata na kuvitia rangi ili daktari wa patholojia avisome kwenye hadubini. Hizi protini zinazotumika kutambua saratani za wanawake nimezishughulikia kwa mikono yangu, na ndiyo maana tangazo hilo limenikera. Mwanamke asiye na dalili yoyote, pesa hizo abaki nazo.

CA-125 haitengenezwi na saratani peke yake. Ni sehemu ya protini kubwa iitwayo MUC16, na mwanamke mzima wa afya anayo kwenye mirija ya uzazi, kwenye ukuta wa ndani wa kizazi na kwenye utando unaofunika viungo vya tumboni na kifuani. Chochote kinachochokoza sehemu hizo kinaweza kuizidisha katika damu. Hedhi huipandisha, na mimba changa pia. Vilevile faibroidi, endometriosisi (nyama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), maambukizi ya mirija, ini lililoharibika, moyo ulioshindwa kazi, TB ya tumbo. Hiyo TB naijua vizuri. Nimekata vipande vya wanawake walioletwa kwa jina la saratani ya ovari, tumbo limejaa maji, CA-125 iko juu sana, kumbe kwenye hadubini ni kifua kikuu kilichoshuka tumboni. Wakaenda kunywa dawa za TB.

Upande wa pili ni mbaya zaidi. Saratani ya ovari ikiwa ndiyo kwanza inaanza, haijatoka kwenye ovari, karibu nusu ya wagonjwa huwa na CA-125 iliyo chini ya 35, yaani ya kawaida. Huyo atarudi nyumbani amefurahi na karatasi yenye mhuri.

Mama mmoja wa chama chetu hapa Umoja alipimwa kwenye kambi ya upimaji ya aina hiyo akiwa katika siku zake. Hakuna aliyemuuliza. Akapata 61. Ujumbe ulimfikia akiwa ndani ya matatu Jogoo Road: namba, na neno "imezidi", basi. Hakupewa daktari wa kuzungumza naye. Kufika jioni mumewe alikuwa ameshawapigia wazee Kakamega, na kabla ya Jumapili kulikuwa na kundi la mchango lenye picha yake (aliyoichagua shemeji, na hadi leo hawajapatana juu ya picha hiyo). Alipomfikia daktari wa wanawake na kupigwa ultrasaundi, alikutwa na uvimbe wa endometriosisi kwenye ovari. Kuna watakaosema basi kipimo kilimfaa. Mimi nasema maumivu aliyokuwa nayo kila mwezi tangu shule ya upili yalitosha kabisa kumpeleka kwa daktari, kama kungekuwa na mtu wa kuyasikiliza. Aliambiwa akizaa yataisha.

Wengine wameshapima jambo hili kwa mizani kubwa kuliko chama chetu. Marekani waliwafuatilia wanawake zaidi ya 78,000, nusu yao wakipimwa CA-125 kila mwaka kwa miaka 6, pamoja na ultrasaundi kwa miaka 4 ya mwanzo. Majibu yalitoka mwaka 2011: vifo vya saratani ya ovari havikupungua. Waliotishwa bure walikuwa 3,285. Kati yao 1,080 walipasuliwa, na 163 wa hao waliopasuliwa wakapata madhara makubwa ya upasuaji. Uingereza nao walichukua wanawake zaidi ya 200,000, na badala ya kutegemea namba moja wakaangalia jinsi inavyopanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 2021 walitangaza kwamba vifo havikupungua kwao pia. Sasa sisi tunataka kuifanya kwa namba moja, mara moja, chini ya hema.

Nisieleweke vibaya, kipimo chenyewe kina kazi yake. Mtafiti Robert Bast na wenzake walipotengeneza kule Boston mwaka 1981 ile kingamwili inayoshika protini hii, shabaha yao ilikuwa wagonjwa wa saratani ya ovari. Hadi leo anayetibiwa saratani hiyo hupimwa CA-125 ili ijulikane kama dawa zinafanya kazi au ugonjwa umerudi. Na mwanamke aliyekwisha kuonekana na uvimbe kwenye ultrasaundi, hasa kama ameshakoma hedhi, namba hiyo humsaidia daktari kuamua ampeleke kwa mpasuaji gani. Kuna nyingine iitwayo HE4 ambayo haisumbuliwi sana na endometriosisi, lakini figo zikiwa na shida nayo hupanda. Zote mbili zinamhitaji daktari anayejua mgonjwa aliye mbele yake. Na wewe ambaye tumbo limejaa wiki baada ya wiki, unashiba kwa vijiko viwili, nyonga zinauma, unakwenda haja ndogo kila saa, nenda kliniki useme hivyo hivyo. Usingoje kambi.

Wanaoandaa kambi wakitaka kweli kuokoa wanawake, walete muuguzi, kitanda, taa na siki. Siki ya hospitali ikipakwa kwenye mlango wa kizazi, sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe na muuguzi aliyefunzwa huiona papo hapo. Au walete vijiti vya kupimia HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi), ambavyo mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe nyuma ya pazia. Saratani ya mlango wa kizazi inaua zaidi ya wanawake 3,000 nchini mwetu kila mwaka, na ndiyo hasa inayoweza kukamatwa kabla haijawa saratani. Walengwa ni wenye miaka 25 hadi 49. Hiyo ndiyo ningeipigia debe hata kanisani.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni kwamba pesa na hamu zote zinaenda kwenye damu, wakati mahali ambapo protini hizi zinaamua matibabu ya mtu, yaani kwenye tishu, pamesahaulika.

Wengi hawajui kinachotokea baada ya biopsi, yaani kukatwa kipande cha nyama ili kipimwe, acha nieleze. Kipande hulowekwa kwenye formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, kikatolewa maji, kikazamishwa kwenye nta mpaka kikawa kigumu. Tunakikata kwa maikrotomu vipande vyembamba vya mikromita 3 au 4, vinaelea kwenye maji ya uvuguvugu, tunavipandisha kwenye slaidi. Kwanza hutiwa rangi za kawaida, na mara nyingi hizo zinatosha kusema hii ni saratani au siyo. Swali la pili ni saratani ya namna gani, na itasikia dawa gani. Hapo ndipo tunapomwaga kingamwili, kila moja ikitafuta protini yake. Palipo na protini hiyo hugeuka kahawia, kwingine hubaki buluu. Kazi hii isingewezekana kama wanasayansi Köhler na Milstein kule Cambridge hawangegundua mwaka 1975 namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tupu.

Saratani ya titi, kwa mfano. Viini vya seli vikigeuka kahawia kwa ER, kipokezi cha estrojeni, mama huyo anaweza kupewa tamoksifeni, tembe za kumeza nyumbani. Ukingo wa seli ukizungukwa na kahawia nzito ya protini ya HER2, kuna dawa ya trastuzumabu. Visipopimwa, daktari anatibu kwa kubahatisha. Kwenye mlango wa kizazi tunatumia protini iitwayo p16. Virusi vya HPV hulemaza breki ya seli, na seli nayo hurundika p16 ikijaribu kujizuia bila mafanikio, kwa hiyo kahawia iliyotanda kwenye tabaka zima humsaidia daktari kutofautisha kasoro ya kweli na ukuta uliochubuka tu au uliokonda kwa uzee. Na uvimbe wa tumboni usiojulikana ulikoanzia, PAX8 na WT1 husaidia kusema umetoka upande wa ovari na mirija au umeshuka kutoka tumbo la chakula. Matibabu ya hayo mawili hayafanani hata kidogo.

Yote hayo yanaharibikia kwenye chupa. Nyama ya binadamu iliyokatwa haina tofauti na samaki anayesafirishwa hadi soko la Gikomba bila barafu: kwa macho anaweza kuwa bado mzima, ndani ameshaanza kuoza. Inatakiwa iingie kwenye formalini ndani ya saa moja, formalini yenyewe iwe mara kumi ya ukubwa wa nyama, na ikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Dawa hiyo hupenya polepole, kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo kizazi au titi zima likitumbukizwa bila kupasuliwa, katikati hakufikiwi. Mimi nimepokea vipande ndani ya glavu iliyofungwa fundo. Nimepokea kwenye spiriti, kwenye maji ya dripu, na vingine vimesukumizwa kwenye chupa ya mdomo mwembamba hata ikabidi tuivunje.

Asubuhi moja alikuja binti na chupa ya jemu. Alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kutoka magharibi, ameipakata. Ndani mlikuwa na uvimbe wa titi la mama yake kwenye maji ya dripu, kwa sababu huko alikofanyiwa upasuaji waliambiwa formalini imekwisha. Tuliifanyia kazi vivyo hivyo. Saratani ilionekana. Tulipotia ER, slaidi nzima ikabaki buluu. Mwingine angeandika "hasi" akafunga faili. Daktari wetu akaangalia vifereji vya kawaida vya titi vilivyokuwa kando ya saratani, ambavyo kwa desturi baadhi ya seli zake lazima zigeuke kahawia, akaona navyo ni buluu tupu. Akakataa kuandika jibu. Akaomba sampuli nyingine ya sindano, iwekwe kwenye formalini papo hapo. Familia ilikasirika, na siwalaumu, nauli na pesa za kipimo si kokoto. Sampuli ya pili ilipokuja iligeuka kahawia vizuri. Kwa ile ya kwanza mama huyo angenyimwa dawa inayomfaa, na hakuna ambaye angejua.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba mambo haya yafike kwa wahusika. Chumba cha upasuaji kisichokuwa na formalini kisiguse uvimbe usio wa dharura, kama vile kisivyoweza kuanza bila nyuzi za kushonea. Bima ya umma, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii), iandike waziwazi kwamba biopsi ya saratani na vipimo vya protini vinavyofuata ni huduma moja, inayolipwa pamoja, ili familia zisiambiwe saratani leo na kutumwa kuchangisha kesho ili zijue ni ya namna gani. Na wenye kambi wapigwe marufuku kutuma jibu la CA-125 kwa simu bila daktari.

Kwa jamaa wa mgonjwa: kabla hajaingia kupasuliwa, ulizeni nyama itawekwa kwenye nini na itaondoka saa ngapi. Ombeni saa ya kutolewa iandikwe kwenye fomu. Ripoti ikija, angalieni kama ER, PR (kipokezi cha projesteroni) na HER2 zimetajwa ikiwa ni titi. Na mjue kwamba kipande kilichobaki kwenye nta hutunzwa maabara kwa miaka, kwa hiyo mkihamia hospitali nyingine mnaweza kuomba kitumwe kikapimwe upya badala ya mgonjwa kukatwa tena. Mkienda kukiomba, bebeni namba ya biopsi iliyo juu ya ripoti. Bila namba hiyo mtakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Mstaafu wa maabara ya tishu,
Umoja, Nairobi.