Malalamiko: mlisema inaovakloki, mkanipa mashine iliyofungwa

Habari zenu uongozi wa duka,

Nawaandikia kuhusu kompyuta niliyonunua kwenu hapo Kariakoo, risiti ninayo na tangazo lenu nililiskrinishoti. Liliandikwa prosesa mpya, inaovakloki (yani unaipandisha spidi kupita ya kiwandani), na mbeleni unaapgredi bila shida. Kijana wenu wa kaunta akayarudia hayohayo mbele ya mdogo wangu, tena akasisitiza niongeze hela nichukue kipoza cha maji na pawa saplai ya wati 750 maana ndo inavyotakiwa ukitaka kuisukuma prosesa. Nikalipa.

Sasa ndani kuna prosesa ya Intel Core i5-13400 kwenye madabodi (bodi kuu inayobeba prosesa) ya H610. Jamani! Prosesa haina ile K mwishoni, yani maltiplaya (namba inayopanga spidi yake) imefungwa toka kiwandani, na kwa Intel hata ukiwa na yenye K bado unahitaji bodi ya Z690 au Z790 ndo uipandishe. H610 ndo ya chini kabisa kwenye familia yake, hata RAM haikuruhusu kuiovakloki. Kwa hiyo mmenitoza hela ya kipoza cha kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya, na hili ndo linaniuma kuliko yote.

Nimepiga simu mnaniambia niongeze hela mniwekee prosesa ya Core i5-13600K. Sikubali. Ni prosesa nzuri, ina kori 14 na hii yangu 10, inafika 5.1GHz na yangu inaishia 4.6, ila ukiichomeka kwenye H610 haiovakloki vilevile, na bodi nyingi za hivi njia ya umeme wa prosesa ni dhaifu, ukirenda (kutoa video iliyokamilika) muda mrefu inajishusha spidi yenyewe. Mimi naedit video za harusi, renda zinakesha.

Na hiyo apgredi iko wapi? Soketi ya bodi yangu, LGA1700, imebeba prosesa za Intel za kizazi cha 12, 13 na 14 basi, zilizofuata, Core Ultra 200S za Oktoba 2024, zinataka LGA1851, bodi nyingine kabisa, na mlilijua hilo maana bodi hizo ziko kwenye shelfu yenu. Kuna watu wenye bodi za AM4 (soketi ya AMD, washindani wa Intel) za 2017 walisasisha bayosi (programu ya ndani ya bodi) tu wakaweka prosesa ya 5800X3D ya 2022. Mtu akisoma neno apgredi kwenye tangazo anaelewa hivyo.

Naomba mnibadilishie, mnipe bodi ya B650 na prosesa ya AMD Ryzen 5 7600, hiyo haijafungwa na bodi inaruhusu, na soketi yake ya AM5 AMD wameahidi kuisapoti hadi 2027 na kuendelea. RAM mliyoweka ni DDR4, AM5 inataka DDR5, kwa hiyo na hiyo mbadilishe, tofauti ya bei ni juu yenu. Hamtaki, rudisheni hela yote pamoja na ya kipoza na pawa saplai. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na nisipopata jibu la maandishi kufikia Ijumaa nalipeleka FCC (Tume ya Ushindani).

Mashine nitaileta mwenyewe na maboksi yake yote, stika za waranti hazijaguswa.

Mteja wenu