Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Namba Tasa za Tarakimu Zinazojirudia

Ndugu wanachama wa Mtwara na Lindi,

Ada na daftari la fedha namwachia mhazini. Hapa ni kazi tuliyoichagua mwaka huu: namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zenye tarakimu zinazojirudia.

Kwa namba za moja tupu, kama 11 na 111, idadi ya tarakimu ikiwa si tasa, namba yenyewe haiwezi kuwa tasa; 1 yenyewe tuiache kando. Ndiyo maana 111111, yenye tarakimu sita, inagawanyika kwa 11 na kwa 111. Kosa lililojitokeza sana ni kuigeuza kanuni: 5 ni tasa, lakini 11111 ni 41 × 271. Zilizo tasa ni adimu mno. Baada ya 11 inafuata ya tarakimu 19, halafu za tarakimu 23, 317, na 1031. Hii ya mwisho uthibitisho wake ulichapishwa na Hugh Williams na Harvey Dubner mwaka 1986.

Mfululizo uliotupa kazi ni 31, 331, 3331, 33331 na kuendelea. Saba za mwanzo zote ni tasa, na mwanafunzi yuko tayari kuapa kwamba ya nane nayo ni tasa. Si tasa: 333333331 ni 17 × 19607843. Kuigundua hakuhitaji kugawanya namba ndefu. Kila namba ni iliyoitangulia mara 10, ongeza 21. Basi fanya hivyohivyo kwa baki peke yake. Kwa 17, 31 inabakiza 14. Hapo 14 × 10 + 21 ni 161, baki 8. Endelea: 16, 11, 12, 5, 3, 0; ya nane haibakizi kitu, yaani inagawanyika kwa 17. Sifuri hiyo hurudi kila baada ya hatua 16.

Kwa namba fupi, gawanya kwa namba tasa hadi kipeuo cha pili cha namba hiyo tu. Kwa 3331 unaishia 53, yaani migawanyo 16. Wapo waliokwenda hadi nusu ya namba, wakachoka bure.

Tahadhari kwa wanaotumia kompyuta: programu nyingi za majedwali hutunza tarakimu 15 tu. Ukiandika tarakimu 1 mara 19, nne za mwisho zinageuka sifuri, na namba tasa inaonekana inagawanyika kwa 10.

Mkutano ujao ni Masasi. Kila tawi lilete safu ya mabaki ya 19 kwa mfululizo huohuo. Atakayepata sifuri kabla ya namba ya tarakimu 12, arudie hesabu.

Mwenyekiti