Kilwa haikutawaliwa kwa nasaba peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu makala mliyoitoa kwenye ukurasa wa historia, iliyodai kwamba watawala wa pwani katika zama za kati walitiiwa kwa sababu moja tu: walikuwa Washirazi, yaani watu wa asili ya Shiraz huko Uajemi. Mwandishi ana kalamu nzuri na ramani yake nimeikata nikaihifadhi. Lakini dai lenyewe halisimami, hasa kwa Kilwa, mji ambao habari zake ziliandikwa mapema na wenyeji na wageni pia.

Habari ya asili ya watawala wa Kilwa tunayo katika maandishi mawili makubwa. Moja ni tarehe, yaani kitabu cha historia, ya Kiarabu, Kitab al-Sulwa, iliyotungwa mapema karne ya 16 na ambayo nakala yake sasa iko London. Jingine ni la Mreno João de Barros, lililochapwa 1552. Yote mawili yanamtaja Ali, mwana wa mtawala wa Shiraz, aliyekuja kwa jahazi na kukinunua kisiwa kwa nguo. Barros anaongeza jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa. Anasema mama yake Ali alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wa baba, waliozaliwa na mama wa Kiajemi mwenye cheo, walimdharau hata akaona heri ahame. Kwa hiyo nasaba ile ile inayosemekana ilimpa ufalme huku, kule kwao haikumfaa kitu. Masimulizi ya Kiswahili ya Kilwa nayo yanasema Ali alimwoa binti wa Mrimba, mwenye kisiwa. Alilipa, akaoa, akapokelewa. Hizo ni njia tatu za kupata haki ya kukaa, na hakuna hata moja kati yake iliyotoka Shiraz.

Tena tuangalie tarehe hiyo iliandikwa lini. Iliandikwa Wareno wakiwa wameshakuja, wameshapora na wameshaondoka, na nyumba ya kifalme imebakiwa na jina kuliko mali. Ukoo uliofikia hali hiyo ndio hasa unaohitaji shajara ndefu ya nasaba. Siiiti habari ile uongo. Naisoma kama hati ya madai, na hati ya madai huandikwa na anayedai.

Najua kuna atakayenijibu kwa utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2023, ulioonyesha kwamba wengi wa watu waliozikwa katika miji ya kale ya pwani walikuwa na mababu wa Kiajemi upande wa kiumeni na bibi wa Kiafrika upande wa kikeni. Sina ugomvi nao. Mifupa inatwambia nani alizaa na nani, lakini haitwambii nani alitiiwa, wala kwa nini.

Na kama damu ya Shirazi ndiyo iliyokuwa kila kitu, al-Hasan bin Talut aliingiaje? Huyu hakuwa wa ukoo wa Ali. Alikuwa wa Mahdali, masharifu wenye asili ya Yemen, na alikitwaa kiti mnamo 1277 kwa nguvu ya watu wake. Kilwa haikuvunjika. Ilikwenda mbele hadi ikafika kileleni chini ya mjukuu wake, al-Hasan bin Sulaiman, na hapa ndipo ningependa mwandishi wenu angetulia kidogo.

Kijana huyo alikwenda Makka kuhiji, akakaa Aden miaka miwili akisoma. Baba yao alipouawa, nduguye Daud alishika mahali pake, na al-Hasan aliporejea Daud akamwachia kiti bila vita. Ukoo uliokuwa umeingia kwa upanga sasa ulikuwa na mtawala ambaye ni alhaji na mwanachuoni. Akajenga Husuni Kubwa juu ya jabali nje ya mji, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane, na katika magofu yake limepatikana jiwe lenye jina lake na lakabu ya al-Malik al-Mansur. Akapanua Msikiti Mkuu. Akatoa sarafu, kama waliomtangulia: upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, na pande zote mbili zikisomwa pamoja zina vina. Sarafu yake moja imeokotwa Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, huko ilikotoka dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo. Katika dola za Kiislamu za wakati ule mtawala alijulikana kwa kutajwa jina lake kwenye khutba ya Ijumaa na kuchapwa kwenye sarafu. Mtu wa Kilwa aliyekwenda sokoni kununua samaki alilishika jina la sultani mkononi.

Halafu kulikuwa na ukarimu. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa 1331 na kumkuta sultani huyu akiitwa Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Alikaa na mafukara na kula nao. Siku moja ya Ijumaa, akitoka msikitini kurudi nyumbani, fakiri mmoja wa Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu walimsifu sana, na mwanawe akazikomboa zile nguo kwa watumwa kumi. Sultani aliposikia sifa zile akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. (Watumwa 20 wakatolewa ili mtu mmoja asifiwe, msafiri wetu hilo hakuliona la kusemwa.) Sultani alipofariki akatawala Daud, na ombaomba aliyefika mlangoni aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha cha kutoa. Ibn Battuta aliishi kwa zawadi za wafalme kila alikopita, kwa hiyo hukumu yake juu ya mkono wa birika tuipokee kwa tahadhari. Hata hivyo inaonyesha watu walimpima mtawala kwa nini.

Sasa nigeuze upande wa pili, maana sitaki nidhaniwe nasema nasaba haikuwa na kazi. Ilikuwa nayo, lakini si ile aliyoitaja mwandishi wenu. Katika karne ya 15 nguvu ilikuwa imehamia kwa maamiri na mawaziri. Wao ndio waliomweka sultani huyu na kumwondoa yule. Mwishoni Amiri Ibrahim akamuua Sultani al-Fudail na kuutwaa mji. Alikuwa na kila kitu mikononi mwake, lakini hakujiita sultani. Alitawala kwa cheo chake cha amiri. Nguvu alikuwa nayo. Jina alijua si lake.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alipomlazimisha kulipa kodi ya mithqali (kipimo cha uzito) 1,500 za dhahabu, Ibrahim alimtoa tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, awe rehani, kisha akamtelekeza. Ankoni ikambidi ajikomboe kwa mali yake mwenyewe. Julai 1505 akaja Mreno mwingine, Francisco de Almeida, na jeshi. Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, na Wareno wakamvisha Ankoni taji la dhahabu lililokuwa limeandaliwa kwa ajili ya mfalme wa Cochin, India. Kwa maelezo ya Barros, Ankoni alisema kama al-Fudail angekuwa hai angemwachia kiti. Kisha akaomba mrithi wake awe mwana wa al-Fudail, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na watoto wa kiume.

Mtu huyu amevishwa taji mbele ya mizinga, watoto wake wapo, na bado anamtafuta mwana wa sultani aliyeuawa ili kiti kipate mwenyewe. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa kwa hila, na mara ukazuka mvutano kati ya mwanawe na yule mwana wa al-Fudail, Wareno wakiwa katikati wakimpandisha huyu na kumshusha yule. Mwaka 1512 walifunga ngome wakaondoka, na Ibrahim akarudi mjini.

Mwandishi wenu ameyapita yote haya kwa sentensi moja: "Wareno wakaiangusha dola ya Washirazi." Dola waliyoikuta haikuwa mikononi mwa Shirazi yeyote. Ilikuwa kwa amiri aliyeogopa jina la usultani, na nyumba waliyoirithisha taji ilikuwa ya mfanyabiashara.

Mwisho, picha ya Gereza, ngome ya kale ya Kilwa, mliyoiweka chini ya makala imeandikwa "ngome ya Wareno". Walichojenga Wareno mwaka 1505 kiko humo chini kama mabaki, lakini kuta zinazoonekana kwenye picha yenu kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani wa karne ya 19. Naomba maelezo hayo ya picha yasahihishwe katika toleo lijalo.

Mwalimu mstaafu wa Historia,
Lindi